Masizi ya Karwirwa

Ukitaka kumjua wifi yangu Wanja, usiende sebuleni kwake. Zunguka nyuma ya nyumba, pale kwenye uchaga wa kuanikia vyombo. Sufuria zake zimepangwa kwa ukubwa, zimepinduliwa vitako juu, na zinang'aa hata upande ule unaokaa motoni. Mimi nimepika muda mrefu pia, vitako vya sufuria zangu ni vyeusi, na githeri yangu ya mahindi na maharagwe inaiva vilevile. Lakini kwa Wanja, mwanamke ni kitako cha sufuria yake. Akienda kumwona mgonjwa hapa kijijini kwetu Kanja anapitia jikoni kwanza, na akirudi anakupa habari za masizi kabla ya habari za mgonjwa.

Sasa mwanawe Nyamu, huyo mmoja tu aliye naye, akapata mchumba. Msichana wa Meru, anaitwa Karwirwa, alisomea chuo cha hukohuko Meru, pale Nchiru. Alipokuwa chuoni alikuwa anapika wafo katika chumba chake cha kupanga na kuwauzia wanafunzi wenzake asubuhi. Wafo, kwa wale ambao hamjaonja, ni keki bapa yenye vishimo vishimo kama sega la nyuki. Inapikwa kwa mashine ndogo ya stima inayofunguka na kujifunga kama kitabu. Mashine hiyo ndiyo iliyomlipia karo mpaka akavaa joho. Basi kabla hajaja kujulishwa nyumbani, akaona amtumie mama mkwe zawadi, na akatuma mashine ileile. Si mpya ya dukani, ni ile yake. Kuachilia kitu kama hicho si mchezo.

Wanja akaifungua na kupiga yowe. "Ruguru! Kuja uone nimeletewa nini!"

Nikatoka mbio nikidhani ni nyoka. Kumbe ni mashine, na ndani yake, juu na chini, ni nyeusi tititi.

"Haijaoshwa," akasema Wanja. "Msichana ananitumia chombo na masizi yake. Ananionaje?"

"Labda ndivyo ilivyotengenezwa," nikasema.

"Kwani masizi yanatengenezwa?"

Akampigia Nyamu simu, akaweka spika ili nisikie. Nyamu, maskini, akaeleza kama alivyoelezwa: ukimaliza kupika unachomoa waya, unangoja ipoe, unaipangusa na kitambaa chenye unyevu, unapaka mafuta kidogo, basi. Usiitie maji wala usiisugue.

"Kitambaa?" Wanja akakata simu. "Umesikia huyo? Anaosha vyombo na kitambaa! Huyo ndiye atanilelea wajukuu?"

Akaapa kwamba wazee hawatakwenda Meru kuposa. Ndugu yangu Muchangi, ambaye hajawahi kumpinga mkewe tangu wafunge ndoa, akaanza kuangalia viatu vyake. Nyamu alinipigia akilia, jitu zima na ndevu zake. "Tata," akaniita, maana mimi ni shangazi yake, "mama akikataa, Karwirwa hatakuja kwa nguvu. Nitamkosa." Nilikasirika mpaka chai ikanishinda kunywa.

Na kana kwamba hiyo haitoshi, Jumapili kanisani, wakati wa kutoa maombi, Wanja akasimama. "Mniombee," akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Mwanangu ameangukia msichana asiyeosha vyombo." Akina mama wakaguna. Wakaomba kwa bidii, macho yamefumbwa, na ninawajua kadhaa kati yao waliokuwa wameacha vyombo vya jana kwenye karai.

Siku iliyofuata wifi yangu akafunga leso kiunoni, akachukua stilwuli, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, na majivu, akaketi na ile mashine mapajani. Alisugua akiimba nyimbo za injili. Weusi ukawa unabanduka vipande vipande, na kila kipande kikitoka anasema, "Ona! Ona uchafu huo!" Alisugua mpaka chuma kikawa cheupe. Akaisuuza, akaianika uchagani katikati ya sufuria, waya unaning'inia. Nilimwambia ameiharibu. Akaniambia wivu utaniua.

Basi Karwirwa akaja. Mwembamba, mpole, anasalimia watu wazima kwa mikono miwili. Wanja hakumpa hata nafasi ya kukaa vizuri. Alikuwa amemwalika Teresia, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, awe shahidi. Akawapeleka jikoni, mimi nikafuata, Nyamu akasimama mlangoni.

"Haya, tupikie hizo zako," Wanja akasema.

Karwirwa akakoroga unga, mayai na maziwa. Akafungua mashine apake mafuta, mkono ukabaki hewani. Akapitisha kidole juu ya kile chuma cheupe, polepole, kona hadi kona. Nilitaka kumshika Wanja masikio.

"Mama, uliisugua?"

"Kwa mikono yangu," Wanja akajibu, kifua mbele. "Ilikuja chafu. Sasa umeona usafi."

Nilingoja moto uwake, maana huku kwetu tunapenda kusema Wameru hasira zao ziko karibu. Wapi! Msichana akachukua chupa ya mafuta. "Asante, Mama," akasema. Akapaka mafuta, akamimina, akafunga. Taa ya mashine ikawaka, hata sijui kwa neema gani. Ikaanza kutoa moshi. Alipovuta ili afungue, ikagoma. Alipovuta kwa nguvu, wafo ilichanika, huku imeng'ang'ania juu, huku imeng'ang'ania chini, na katikati ni uji.

Teresia akakohoa. Wanja akamgeukia. "Si nilisema? Hata kupika hajui. Hii habari imeisha leo."

Nyamu akafumba macho pale mlangoni. Nilimhurumia mtoto yule, jamani.

"Mama," Karwirwa akasema taratibu, "naomba kikaango. Huu unga uliobaki nisiutupe."

Wanja akainama chini ya meza akatoa kikaango chake cha chapati, kile cha chuma alichopewa na mamake. Ni cheusi kuliko makaa, ndani na nje. Ndicho chombo pekee cha nyumba ile ambacho hakijawahi kupanda uchagani. Karwirwa akakipokea, akakitazama, akachukua stilwuli kwenye beseni.

Wanja akaruka. "Wee! Wacha! Hicho hakisuguliwi! Kinapanguswa na kitambaa tu! Ukikisugua kitaanza kushika cha..."

Akarudi nyuma hatua moja.

Tukaangalia kikaango. Tukaangalia mashine. Huko sebuleni Muchangi, aliyekuwa akisikiliza yote, akaanza kukohoa, na Ngai, Mungu wangu, hakikuwa kikohozi, kilikuwa kicheko. Karwirwa akarudisha stilwuli, akapangusa kikaango kwa kitambaa, akatia mafuta, akapika. Chapati za maji zikatoka laini, zikageuka bila kushika. Mpaka leo nikimuuliza kama alifanya makusudi anacheka tu. Wanja alikula ya kwanza akiwa ametupa mgongo.

"Nyamu," akasema bila kugeuka, "mwambie baba yako atafute wazee. Waende Meru."

Jumapili iliyofuata Karwirwa aliketi kati yangu na Wanja kanisani. Wakati wa ushuhuda wifi yangu akasimama, akarekebisha kitambaa cha kichwa. Nikasema moyoni, leo ukweli utatoka, hata Teresia yupo.

"Bwana asifiwe," Wanja akasema. "Yule msichana mliyemwombea, Mungu amejibu. Ameacha uchafu kabisa."

Haki ya Mungu, nilikuwa nimeshainuka nusu. Karwirwa akanishika mkono akanikalisha. Kisha akainua uso, na kabla kanisa halijaitikia, akasema kwa sauti iliyofika madhabahuni:

"Amina, Mama."

Teresia akajifunika mdomo kwa leso. Wanja akaketi upesi, akafungua kitabu cha nyimbo na kuanza kukisoma, na alikuwa amekishika juu chini.