Fomeka ya Kimya

Fundi aliyefunga makabati ya jikoni kwa shangazi yangu, pale Malangali, amefariki. Tumemzika kwao Mpui, upepo ukitupiga vumbi usoni, na mimi ninayejulikana kwa kucheka nililia mpaka nikaona aibu. Hakuwa ndugu yangu, msomaji. Ila tangu nilipomwona kazini, nimekuwa nikiota jiko langu mwenyewe.

Alikuwa na majina yake ya fomeka, lile ganda gumu linalobandikwa juu ya mbao. Inayong'aa aliiita ya kelele; isiyong'aa, ya kimya. Shangazi alitaka nyeupe ya kelele kila mahali. Fundi akamuuliza, "Na bibi atasongea wapi ugali?" Maana bibi yetu, tuliyemleta kutoka Msanzi, husonga akiwa amekaa kwenye kigoda. "Bibi apumzike sebuleni," shangazi akajibu. Bibi akatazama mikono yake. Fundi akachota unga wa ulezi, akaupaka juu ya vipande viwili vya fomeka. Kwenye nyeupe kila alama ya kidole ilionekana. Kwenye ile ya kahawia, ya kimya, unga ulitulia kama uko kwao. Basi makabati ya juu akayavika nyeupe, na chini, kando ya jiko la mkaa, akashusha meza fupi ya kahawia, kimo cha mtu aliyekaa kwenye kigoda. Shangazi alipoiona, nyumba nzima ilisikia: "Fundi! Umenijengea jiko lililochutama!" Naye, bila kuacha kufuta gundi: "Halijachutama, mama. Linampigia bibi magoti."

Tuliporudi kutoka mazikoni, shangazi akasema basi, mwenyewe hayupo tena, meza ile atamwita fundi mwingine aing'oe, jiko lote liwe jeupe. Bibi akavuta kigoda chake, akakaa palepale, akabandika sufuria. "Ng'oeni," akasema, mwiko mkononi. "Ila muanze na mimi." Tukacheka na machozi yetu. Shangazi akaenda kuleta unga.

Nyumba bado sina, ila jiko nimeshalipanga kichwani. Wanaosema la kisasa lazima ling'ae lote, waendelee tu kusema. Langu litakuwa na kelele juu, kwa macho ya wageni, na kimya chini, kwa mikono inayotulisha. Anayetengeneza kitu aanze kwa kuuliza nani atakaa wapi. Na watakaocheka kwamba limechutama, wakae chini kwanza. Ugali uko huko.