Mfupa wa Tutaonana

Hadi leo, nikisikia harufu ya pilipili inayotwangwa pamoja na majani mabichi, natoka nje kumtazama mbwa wangu. Harufu hiyo ndiyo iliyotangulia kila safari ya kuwinda kijijini kwetu, upande wa Wamaza, katika eneo la Kabambare. Mjomba Kalume, mdogo wake mama, alitwanga dawa ile asubuhi, akaikamulia kwenye jani lililokunjwa, kisha akamdondoshea mbwa wake puani ili apate kunusa mnyama wa mbali. Mbwa anapiga chafya, anatikisa kichwa, mate yanamtiririka mpaka chini, nasi watoto tunacheka. Kwetu mate ya mbwa hayakumtisha mtu, na ndiyo yaliyotumaliza.

Mbwa mwenyewe aliitwa Tutaonana. Mjomba alimpa jina hilo kumchokoza jirani waliyegombana naye juu ya shamba, apate kulitamka mbele ya mlango wake kila siku. Ndivyo alivyokuwa: mcheshi, mkaidi, mdomo haulali. Hakuwa na mke bado, na mapenzi yake yote aliyamwaga kwa mbwa yule mwekundu mwenye kengele ya mti shingoni. Mwanzoni mwa kiangazi mbwa mgeni alitokea njiani, hajulikani wa nani, akamuuma Tutaonana mdomoni na kwenda zake. Mjomba akapaka majivu, kidonda kikafunga, tukasahau. Ee, tulisahau upesi!

Wakati wa kuchoma mashamba Tutaonana alibadilika. Alijificha chini ya ghala, akiitwa haji. Sauti yake ilikwaruza kama ya mtu mwenye mafua. Taya likalegea, mate mazito yakawa yanadondoka, na bakuli la maji alilitazama tu bila kunywa. Kwanza mjomba alisema dawa ya pua ilikuwa kali mno. Kesho yake akakumbuka mifupa ya swala aliyomtupia. "Iko na mufupa mu koo. Mutamuacha afe hivi?" Mama akamwambia, "Kalume, achana naye. Macho yake si yake." Akacheka. "Yaya," ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa, "mbwa yangu namujua." Akampakata kichwa, akaingiza mkono mpaka kooni. Mfupa hakuupata. Alipoutoa mkono, kidole cha shahada kilikuwa na mkwaruzo wa jino, mdogo, hata damu haikutiririka. Akakifuta kwenye suruali. Maji yalikuwepo mtungini, sabuni ya mawese ilikuwepo juu ya jiwe la kufulia, na hakuna aliyemwambia anawe. Tutaonana akafa, na kijiji kizima kikasema ameuawa na mfupa.

Usilolijua ni usiku wa giza. Mpunga ulipoanza kuchanua, mjomba akawa anajikuna kidole kile kilichopona zamani. Halafu homa, halafu usingizi ukamkataa. Asubuhi moja mama alimletea kikombe cha maji. Kabla hakijafika mdomoni koo la mjomba likaruka lenyewe. Akajaribu tena huku anacheka, kikombe kikaanguka. "Yaya, maji yako inanikataa," akasema. Mama hakucheka. Watu wakaanza kumtafuta mchawi, na macho yote yakaenda kwa yule jirani wa shamba. Muuguzi alipofika kwa pikipiki kutoka Kabambare, aliuliza swali moja tu: "Kulikuwa mbwa?" Tulipomjibu, akavua kofia, akakaa chini. Kichaa cha mbwa kikishaanza kumsumbua mtu hakina dawa. Mjomba, akili zilipomrudia kidogo, alimwomba mama atoke ndani asije akamdhuru. Mama alikataa kutoka, akabaki naye mpaka mwisho.

Sasa naishi Kasongo, na mbwa ninafuga bado, maana nawapenda, nifanyeje? Wangu namchanja kila chanjo inapofika mjini. Isipofika, naulizia mpaka wanichoke. Najua aliyokosa kuyajua mama: mbwa wa taya lililolegea haguswi, mfupa awe nao au asiwe nao, na mtu aliyeumwa, hata aliyekwaruzwa kidogo tu, aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, tena kwa muda mrefu, kisha akimbilie hospitali kuchomwa sindano siku ileile, asingoje mpaka augue. Wanangu nimewaimbia wimbo huu mpaka wananikejeli. Basi juzijuzi mbwa wa jirani alikuja kujilaza uani kwetu, taya linaning'inia, mate yanadondoka. Kabla sijanyanyuka, mwanangu mkubwa, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa amechuchumaa mbele yake, mkono wa shati ameshaukunja. "Mama, iko na mufupa tu," akasema, kwa sauti ya huruma. Nani alimfundisha maneno yale? Nilimvuta kwa nguvu hata sote tukaanguka. Mkono wake haukuwa umegusa hata unyoya wa mbwa. Hata hivyo nilimpeleka kwenye ndoo, nikamsugua kwa sabuni kidole kimoja kimoja, akalalamika kwamba namuumiza, nami nikaendelea kusugua.