Ndege na Mlima kwenye Mlango wa Friji

Kwetu Albert Park, ghorofa ya saba, sala ya chakula ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza Papa alimshukuru Mungu. Kisha, kabla hajasema tule, alisimulia kampuni.

"Mwanzo walikuwa ndugu wawili na karakana," alianza, mkono mmoja umefunika bakuli la fufu ili mtu asiguse. "Walitengeneza majiko ya mafuta ya taa. Halafu wakanunua kiwanda cha birika za umeme. Halafu kiwanda cha friji. Halafu cha oveni. Halafu wazungu wa ng'ambo wakaja, wakanunua wote: karakana, birika, friji, oveni, na mimi ndani."

"Na fufu imepoa," Mama alimalizia. "Amina."

Papa alikuwa akifunga milango ya oveni kiwandani Mobeni. Mara moja kwa mwaka kampuni iliwauzia wafanyakazi vitu vyenye kasoro, kwa hiyo kila kitu jikoni kwetu kilikuwa na kovu. Friji ilibonyea tumboni kama iliyopigwa teke na punda. Oveni ilikuwa na kitufe kimoja badala ya vinne. Mama, aliyekuwa akifanya usafi kwa matajiri wa Morningside, alirudi siku moja akasema ameiona friji kama yetu huko, nzima, haina hata mkwaruzo. Aliisema kama mtu aliyekutana na pacha wetu aliyeolewa na tajiri.

Kila kiwanda kiliponunuliwa, jina lake lilikufa, na nembo zake za chuma zikabaki zimejaa ndoo. Papa aliziomba. Alizibandika juu ya mlango wa friji yetu, moja baada ya nyingine, kutoka kushoto: moto wa majiko, ndege wa birika, mlima wenye theluji wa friji, kofia ya mpishi wa oveni, na duara la wale wa ng'ambo. Wengine wana picha za mababu ukutani. Sisi tuna hiyo.

Niseme ukweli, niliionea kampuni wivu. Ndiyo, kampuni. Papa aliwajua watoto wote wa kampuni kwa mpangilio, nani alimfuata nani. Mimi akitaka kuniita, hupitia kwanza majina ya dada zake wawili ndipo afike kwangu, na mimi ni binti yake wa pekee. Lakini wivu wa kampuni ulikuwa mazoezi tu. Wivu wenyewe ulishuka kwenye basi kutoka Lubumbashi, umevaa tai.

Alikuwa binamu, mtoto wa kiume wa shangazi, mkubwa wangu kwa mwaka mmoja. Alikuja kusoma. Alilala sebuleni, vuvuzela zetu za Kombe la Dunia zikiwa bado chini ya kochi lake, na asubuhi alikunja blanketi lake kwa pembe nne kama barua. Mimi blanketi langu halijawahi kuwa na pembe. Sala ya kampuni ilipoanza, mimi nilikuwa nikiiga sauti ya Papa bila sauti, midomo tu, ili Mama acheke. Yeye alitoa daftari.

"Samahani, Mjomba," aliuliza, "oveni ilikuja kabla au baada ya friji?"

Papa alisahau kula. Alimshika mkono, akampeleka hadi kwenye friji, akamwonyesha nembo moja moja. Miaka kumi na tano nimekaa meza ile na hakuna aliyenishika mkono kunipeleka kwenye friji. Mimi nikienda kwenye friji naulizwa, "Unatafuta nini tena?"

Kisha jioni moja Papa akarudi kutoka kazini na kadi ya mwaliko. Kampuni inafanya sherehe. Kila mfanyakazi aje na mtoto mmoja, si wawili, na mtoto huyo asimame jukwaani aeleze historia ya kampuni kwa maneno yake. Kitatolewa kitabu, na kila mfanyakazi atapigwa picha na mtoto wake iwekwe ndani.

"Mmoja tu?" Mama aliuliza.

"Mmoja. Jumamosi watanisomea wote wawili, nitachagua."

Nilitaka ile picha kuliko kitu chochote. Nilitaka kitabu cha kampuni, kile chenye watoto wote ambao Papa anawajua kwa mpangilio, kiwe na mimi pia, kando yake, nimechana nywele. Na nilijua kwamba nitashindwa. Nilikuwa na historia yote kichwani, maana miaka yote hiyo fufu imepoa mbele yangu. Lakini Papa akiniangalia huwa tayari anangoja mzaha.

Jumatano alasiri nyumba ilikuwa tupu. Nilichukua kisu cha siagi. Gundi ya Papa ilikuwa ya zamani, ndege aling'oka kwa urahisi, mlima ukafuata. Niliwabadilisha nafasi, nikawabandika kwa ile gundi kali ya tyubu ndogo, na kwa haraka nikajibandika vidole viwili pia. Jioni nilikula kwa mkono wa kushoto nikasema nimeumia netiboli.

Binamu alikwenda kwenye friji na daftari lake kama kila jioni. Alisimama. Aliangalia mlango, akaangalia daftari, akakuna shingo. Nilikuwa nimejikausha nyuma ya kitabu cha hesabu nilichokishika juu chini. Yule ni mtu wa maandishi. Alichosikia mara mia kwa masikio hakikuweza kushindana na chuma. Alitoa kalamu, akafuta, akasahihisha. Nilikwenda chooni kucheka.

Jumamosi Papa alikaa akiielekea friji. Binamu alianza: karakana, moto, kisha mlima, kisha ndege. Nilikuwa nimeshajitayarisha kwa uso wa Papa. Lakini Papa alikuwa akimfuata kwa kidole kwenye mlango, kama vile kanisani tunavyofuata somo kwenye Biblia, na kidole chake kilikwenda mlima, kikaenda ndege, bila kusita.

"Très bien," alisema. "Hata koma hakuacha."

Zamu yangu. Nilisema vizuri, bila mzaha hata mmoja, nikaongeza hata mwaka Papa alipoingia getini kwa mara ya kwanza na viatu vya kuazima.

"Ngoja." Kidole cha Papa kilisimama hewani. "Ndege kwanza? Hapana. Mlima, halafu ndege. Angalia hapa."

"Lakini Papa, wewe mwenyewe husema..."

"Mimi nasema nini? Si iko hapa mbele yako? Na hiyo ya viatu haiko kwenye historia. Hata leo uko kwenye mchezo?"

Eish. Nilifungua mdomo. Kusema kweli kungekuwa kukitaja na kisu cha siagi. Nilifunga.

"Pole, dada," binamu aliniambia, na ubaya ni kwamba alimaanisha. "Ukitaka nitakupa daftari usome."

Waliondoka siku ya sherehe, tai mbili mlangoni. Nilibaki dirishani nikizihesabu hadi taksi ilipozimeza. Sikutamani tena binamu aaibike. Nilitamani mvua.

Walirudi wakinuka nyama ya kuchoma. Binamu alisimulia kwamba wakubwa wote walipiga makofi, hata yule bosi mkuu alisimama. Bila shaka. Wakubwa wote walikuwa wageni, kampuni imenunuliwa na kununuliwa tena, hakuna kati yao aliyejua nani alimfuata nani. Papa aliketi. Alivua viatu polepole.

"Iko gogo mmoja pale," alisema hatimaye, "bibi wa Kizulu wa idara ya kufunga mizigo. Alianza kazi kwenye birika. Baada ya makofi alinivuta pembeni. Ananiambia: kijana wangu, siku watu wa friji wanafika, sisi wa birika ndio tuliowachemshia chai. Sasa mlima utakujaje kabla ya ndege?"

Aliinuka akaenda kwenye friji. Mlima ni mpana kuliko ndege. Kuzunguka ndege, pale nilipombandika, kulibaki ukingo mweupe safi ambao moshi wa mafuta haukuwahi kuugusa. Aliupitisha kidole. Kisha akageuka akaangalia mkono wangu wa kulia, ambao bado ulikuwa na ngozi mbichi kwenye vidole viwili.

"Netiboli," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Na Jumamosi uliisema sawa."

"Ndiyo, Papa."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba friji inadanganya?"

Mama aligeukia sinki, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Nilihukumiwa kuosha sufuria mwezi mzima, na kumwomba binamu msamaha kwa Kifaransa, na hiyo ndiyo iliyouma. Kisha Papa alileta bisibisi, tukang'oa nembo mbili pamoja, mimi nikashika, yeye akapaka gundi. Ndege nilimweka amepinda kidogo. Papa aliona. Alingoja gundi ikauke, hakumnyoosha.

Kitabu kilikuja miezi kadhaa baadaye. Ukurasa mzima: Papa na binamu, meno nje, na chini yake maneno ya Kiingereza yasemayo, mfanyakazi na mwanawe. Mwanawe! Nilikisoma mara nyingi, kama mtu anayebonyeza jino bovu kwa ulimi. Kinakaa juu ya friji hadi leo, na kila mgeni akija binamu anakishusha.

Lakini Papa huanza chini kwanza. Humsimamisha mgeni mbele ya mlango, moto, ndege, mlima, na akifika kwa ndege aliyepinda husimama.

"Huyu aliwekwa na binti yangu," anasema, bila kupitia jina la dada hata mmoja. "Alipoingia ndege kwenye kampuni, mimi bado. Mimi nilikuja baadaye, na viatu vya kuazima."

Mgeni hucheka. Binamu, kitabu kikiwa kimefunguka mikononi kwenye ukurasa wake, huangalia pembeni na kusema anasikia kiu. Mimi humfungulia friji.