Siku Nekesa Alipobisha Hodi

Kila ninaposikia harufu ya karafuu maiti, ile kafuri ya kuoshea maiti, mimi humkumbuka Nekesa. Mamangu ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake mtaani kwetu Msambweni, na harufu ile haikuwa ikiondoka katika leso zake.

Nekesa alikuwa ametoka Mumias, bara, na wazazi wake. Babake alikuwa mpishi katika hoteli moja Diani. Darasani tulikwisha kumpangia dini: watu wa bara wote ni Wakristo, sisi wa Pwani sote ni Waislamu. Mamake alipojitanda leso tulicheka, tukasema anatuiga. Nami nilikuwa na shangazi wawili Kinango, huku huku Pwani, Waduruma watupu, wasiokosa kanisani Jumapili. Sijui nilikuwa nimewaweka wapi.

Jumamosi moja, adhuhuri, Nekesa alibisha hodi. Mama alikuwa uani akikuna nazi. Nekesa alikuwa miguu mitupu, akazungumza polepole kama mtoto aliyetumwa dukani.

"Mamangu amefariki. Nimekuja kumwomba mamako aje amuoshe."

Nikamwambia mama haoshi Wakristo.

"Sisi ni Waislamu," akasema. "Nyumbani naitwa Zaituni."

Nilimwona mwongo. Nikamjibu kuwa mama hayupo, nikafunga mlango. Mama alipouliza ni nani, nikasema ni mtoto tu, amekosea nyumba.

Alasiri babake Nekesa alifika kutoka kazini, akaenda msikitini, na imamu akamleta kwetu. Mama alichukua vitu vyake akatoka mbio. Aliporudi alikaa mkekani bila ya kuvua buibui, akaniuliza kama Nekesa alikuwa amekuja. Nikaitikia kwa kichwa, nikangoja kofi.

"Nimemkuta akimsomea mamake Yasini," akasema. "Peke yake, tangu adhuhuri. Majirani walikuwa wakingoja watu wa kanisa."

Siku nyingi zilipita bila ya mama kunituma kitu.

Baada ya arubaini Nekesa na babake walirudi kwao, nami sikuwa nimemwomba radhi. Ukubwani kazi ilinipeleka Mumias. Asubuhi ya kwanza niliamshwa na adhana, ikafuatwa na nyingine, na nyingine tena, nikabaki kitandani nikilia. Nilimuulizia Zaituni, lakini akina Zaituni ni wengi kule.

Kwa miaka nilijifariji kuwa nilikuwa mtoto, sikujua. Lakini nilikuwa nimeambiwa, na mwenyewe, kwa kinywa chake, nami nikajiona naijua dini yake kuliko yeye.