Mkono wa Kulia

Mbwa wa jirani amepita mlangoni akiwa amelowa mvua, na harufu yake imenirudisha Kensington, mtaa wa matajiri, kwenye nyumba ambamo mama alikuwa akifanya usafi.

Kulikuwa na mbwa wawili wa aina ya golden retriever, dume na jike, mabingwa wa kuruka viunzi. Niliwapenda kuliko watoto wenzangu. Mwenye nyumba akiinua mkono wa kulia, wanaruka, bila neno.

Siku moja jike akavunjika mguu mashindanoni. Baada ya kufanyiwa upasuaji akalazwa barazani, juu ya ngazi, asitembee.

“Umuombee tu, mtoto wangu,” mama aliniambia. “Mungu anasikia.”

Nikasimama mbele ya yule jike, nikafumba macho, nikainua mkono juu kama mchungaji wetu.

Nilisikia kucha zikikwaruza sakafu, kishindo, kisha mlio ambao sijausikia tena popote. Nilipofumbua macho alikuwa chini ya ngazi. Alikuwa ametii.

Jioni daktari wa wanyama alikuja na sindano ya mwisho. Mama akasema ni mapenzi ya Mungu. Dume alikuwa ananitazama mkono.

Hadi leo, kanisani watu wakiinua mikono, mimi wangu naukalia.