Kichwa Kizima cha Kuazimisha

Fundi viatu yule walimwita Mzee Gundi, maana akishakaa kibandani mwake habanduki mpaka jua lizame. Lakini tangu mkewe afariki, alibanduka. Alishona kiatu cha kushoto akasahau cha kulia. Mguu mmoja akawa anauburuta. Kila asubuhi kichwa kilimgonga.

"Ni huzuni, baba," bintiye alimwambia. Majirani nao wakasema huzuni. Hata yeye hakudhani vingine.

Binti huyo alikuwa msafishaji hospitalini. Huko kulikuwa na watafiti waliokuwa wakijaribu kofia ya kugundua damu inayovuja ndani ya kichwa, ili mgonjwa ajulikane mapema kabla ya kufikishwa kwenye mashine kubwa. Vichwa vya wagonjwa walikuwa navyo. Walikosa vichwa vizima vya wazee.

"Kawaazimishe chako, baba. Mama aliuawa na damu hiyohiyo, tukachelewa kujua."

Kwa neno hilo alikubali. Ila mlango wa hospitali ile aliuogopa. Mkewe aliingia kwa machela, akatoka amefunikwa shuka.

Mtafiti alikuwa dada mmoja mcheshi. Alimvika kofia ngumu yenye antena ndogo pande zote.

"Hii inatumia mawimbi ya maikrowevu, mzee. Kama ile ya kupashia chakula, ila hafifu mno."

"Basi usinisahau humu. Nikiungua, hata paka hanili."

Dada akacheka. "Mawimbi yanapita kichwani. Yakikuta damu mahali isipotakiwa, yanarudi tofauti. Kompyuta tumeionyesha vichwa vingi, vyenye damu na visivyo na damu, ijifunze kuvitofautisha. Chako ni cha kuifundisha uzima."

Akabonyeza. Akatazama skrini. Akabonyeza tena. Akaivua ile kofia, akaipangusa, akamvika upya. Safari hii hakucheka.

"Mzee, umejigonga kichwa siku za karibuni?"

"Baada ya mazishi nilijigonga kwenye chuma cha dirisha la kibanda. Kidogo tu. Hata damu haikutoka."

"Nje haikutoka," dada alisema, kisha akawa kama anayejutia mdomo wake. "Mashine bado inajifunza, inaweza kukosea. Lakini siwezi kukuacha urudi nyumbani. Twende ukapigwe CT, ile picha kamili."

Alipotoka kupigwa picha, wakamkalisha kwenye benchi la ukumbini. Bintiye akaja mbio, glavu za kazi bado mkononi. Mzee alikishika kichwa chake taratibu, kama mtu aliyebebeshwa yai la mwenzie. Aliomba mashine iwe imekosea. Kisha akaukumbuka ule mguu anaouburuta.

Daktari akaleta majibu. Damu ilikuwa imetuama kati ya fuvu na ubongo, inausukuma. Ingebidi watoboe tundu dogo waitoe, siku ileile.

"Niacheni niende zangu," mzee akasema. "La kuvunda halina ubani."

"Baba."

"Mama yako aliingia humohumo."

"Mama aliingia hajitambui. Wewe unabishana." Binti akavua glavu zake. "Baba, mimi sina mzazi mwingine wa kuzika."

Mzee akamtazama. Wakamletea karatasi, akaweka dole gumba, alama ikawa kama mdudu aliyekanyagwa. Walipomsukuma kuelekea chumba cha upasuaji alifumba macho, asiuone mlango.

Alipoamka, bandeji ilikuwa imemzunguka kichwa. Alijaribu mguu kwanza. Ukasogea. Akaujaribu tena, asiamini. Kisha akaona bintiye ameketi kando, macho mekundu.

"Kichwa kinauma?"

"Kidonda tu. Ndani kumekuwa kwepesi."

"Mbona unalia basi, baba?"

"Mama yako," mzee akasema. "Hayupo."

Tangu mazishi chozi lilikuwa halijamtoka. Alizunguka tu, kama aliyelala macho wazi. Sasa lilimtoka bila breki. Binti akapanda kitandani, ingawa wodi ile hairuhusu, akamkumbatia baba yake, wakamlilia mama. Muuguzi akaja kuwakataza. Alipowaona, akageuka.