Mstari wa Ubavuni

Wifi yangu Fusae ni mtu mgumu, na nasema hivyo nikiwa nampenda. Miaka thelathini alifua na kupiga pasi nguo za mji mzima, akazoea kukazia doa macho mpaka doa lenyewe lione haya. Alipostaafu, macho yale akayahamishia kwa kerengende, akawa mhakiki wa picha za orodha ya wadudu ya makumbusho ya mji.

Kila vuli, kerengende wekundu wanapojaa mashambani, watu wanamtumia picha mpaka simu inapata moto. Na wote wanakosea vilevile. Wanamwona mdudu katua kwenye ufito wa kuanikia nguo, wanamnyooshea simu kwa juu, paa! Mgongo mwekundu, mzuri ajabu, na hausaidii kitu. Kwetu wako wawili wanaofanana kama mapacha, wa vuli na wa kiangazi, na kinachowatenganisha ni mstari mweusi ubavuni. Mstari wa yule wa vuli unachongoka kwa juu. Wa kiangazi umekatika ghafla, kama kitambaa kilichopitiwa na mkasi.

"Ubavu!" Fusae anawajibu. "Nataka ubavu, mgongo kauangalieni wenyewe!"

Ubavu usipoonekana, anaandika: Hajulikani, na picha haiingii kwenye orodha. Hata mke wa meya aliambulia Hajulikani, akanuna mwezi mzima.

Mwaka huu mambo yalikuwa mazito. Makumbusho ya mji yalitangaza kwamba kiumbe asiyeonekana kwa miaka kumi atafutwa kwenye orodha mwisho wa Oktoba. Yule wa kiangazi alikuwa na picha moja tu, ya miaka kumi iliyopita, na aliyeipiga ni kaka yangu Kiyoshi, mume wa Fusae, wiki tatu kabla hajafariki. Jina lake limo mle, pembeni ya mdudu. Akifutwa mdudu, jina nalo linakwenda.

"Hafutwi mtu hapa," Fusae akasema, akavaa buti za mpira.

Ana miaka sabini na mmoja. Kila asubuhi alikuwa kwenye matuta ya mpunga, mimi nyuma nimebeba chai na matonge ya wali, nanung'unika.

"Wifi, hilo goti litakufa kabla ya mdudu."

"Basi nitatembea na lingine."

Tarehe ishirini na nane akaja mlangoni Sugiura kinyozi, anahema. Huyu alicheza bao na kaka yangu miaka arobaini bila kumfunga hata mara moja. Alikuwa kwenye mpunga wa shemeji yake ambao haujavunwa, akamzungushia kerengende kidole mbele ya macho kama tulivyofanya utotoni, mdudu akalewa, naye akampiga picha kwa ubavuni.

Fusae akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Akaitazama tena.

"Ni yeye," akasema. "Mstari umekatika."

Nikaruka kama mwehu. "Kaka yangu kapona!"

Fusae hakuruka. Aliwasha kompyuta, akafungua picha ya Kiyoshi, ambayo mimi sikuwahi kuitazama sawasawa. Ilikuwa mgongo. Mgongo mtupu, umepigwa kwa juu kwenye dirisha la hospitali. Chini yake pameandikwa: Amethibitishwa, Fusae.

"Naufuta huu uthibitisho," akasema.

"Una wazimu? Mdudu kaokoka, jina libaki. Nani atajua?"

"Liache tu, mama," Sugiura naye akasema. "Niandike wa pili. Nimeshazoea kushindwa na yule bwana."

Fusae akatikisa kichwa. "Watoto wa shule nimewaandikia Hajulikani, wakalia. Yeye nikampa. Alikuwa hawezi hata kuinua kijiko, halafu ananipigia simu anapiga kelele, 'Fusae, wa kiangazi!' Ningemwambia nini? Niliandika ndiyo, na palepale nilijua kwamba sijui. Miaka kumi namtafuta huyu mdudu ili nisiwe mwongo."

Hasira zikanipanda, ni kaka yangu yule. Nilitaka kumwambia hakumpenda. Neno likiwa mdomoni, nikamkumbuka Kiyoshi kitandani, ananionyesha simu huku anacheka mpaka mashine zinalia. "Tsuneko, ona wifi yako alichoandika. Na picha yenyewe ya mgongo! Leo ndiyo nimejua ananipenda." Nilidhani dawa zimempanda kichwani, sikuuliza.

Nikamweleza Fusae, neno kwa neno.

Akavua miwani. Akalia kwa sauti mbele ya kinyozi, bila kujificha, kisha kicheko kikamtoka katikati ya kilio.

"Alijua! Mzee yule alijua, akafa na siri yake, mimi nahangaika na goti hili miaka kumi!"

Akajifuta kwa aproni, akaivuta kompyuta karibu. Chini ya picha ya mumewe akafuta Amethibitishwa, akaandika Hajulikani, akabonyeza.